Namba za volti kwenye drili za betri zinatutia hasara mafundi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowatia hasara mafundi wenzangu hapa Dodoma, hasa vijana wanaoanza kazi, wanapokwenda kununua drili za betri. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia hapa, ujenzi haujapoa kutoka Nzuguni hadi Mtumba, na fundi anayefunga bawaba, vitasa na dari za jipsamu kwenye nyumba ambayo bado haijaingizwa umeme hawezi kuikwepa drili ya aina hii.

Mwaka jana nilinunua drili iliyoandikwa "88V" kwa herufi kubwa kuliko jina la mtengenezaji, nikaamini nimepata nguvu karibu mara tano ya ile ya volti 18 niliyokuwa nikiazima kwa jirani. Nilipoishika kutoboa ubao wa mninga kwa biti ya milimita 10, ilinguruma, ikapunguza mwendo, ikasimama kabla tundu halijafika nusu. Fundi umeme niliyekuwa naye kazini aliipima betri ikiwa imejaa chaji, mita ikasoma volti 20.6. Alipoifungua (kazi ambayo asiyeijua asiijaribu, kwa sababu betri hizo hushika moto) tulikuta seli tano tu, kila moja kubwa kidogo kuliko betri ya rimoti.

Seli moja ya lithiamu hutoa wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Kwa hiyo seli tano zilizounganishwa kwa mfululizo ni volti 18 wakati wa kazi, na volti 21 zikitoka tu kwenye chaja. Ndiyo maana drili iliyoandikwa 18, nyingine 20 na nyingine 21 zinaweza kuwa na betri ya namna moja, na kwa tofauti hiyo simlaumu mtu. Lakini ili kupata volti 88 zingehitajika seli zipatazo 24 kwa mfululizo, ambazo haziwezi kuenea kwenye kasha linaloshikika kiganjani. Huo ni udanganyifu, na anayeumia ni fundi aliyedunduliza fedha zake kwa miezi.

Mnunuzi aitazame namba iliyo kando ya herufi Ah, inayoonyesha kiasi cha chaji kinachokaa ndani ya betri: ya volti 18 yenye Ah 4 itafanya kazi takriban mara mbili ya muda wa ile yenye Ah 2. Aipime pia kwa mkono, kwa kuwa betri yenye seli nyingi haiwezi kuwa nyepesi. Tena aulize kama betri ya akiba inauzwa peke yake, maana mara nyingi betri hufa mota ikiwa bado nzima.

Hata drili nzuri huuawa na matumizi. Nimeona vijana wakiacha betri juu ya mabati kwenye jua letu la mchana, kisha wakaichomeka kwenye chaja ikiwa bado ya moto. Betri ya namna hiyo haidumu. Wengine hulazimisha drili ndogo kutoboa nguzo ya zege, kazi inayotaka mashine kubwa yenye nyundo. Na anayefunga jipsamu aanze na namba ndogo kwenye pete ya mbele ya drili, ile inayopanga nguvu ya kukaza, ili skrubu isizame na kuchana karatasi ya ubao.

Ninaliomba Shirika la Viwango Tanzania lizitazame namba hizi kwa karibu, na bidhaa isiyotaja volti na Ah za kweli isiruhusiwe dukani. Nao wenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa mjini nawaomba waweke kipande cha mninga kaunta, mnunuzi atoboe kwanza ndipo alipe.

Fundi seremala,
Nzuguni, Dodoma