KUH: BREKI YA NYUMA YA PIKIPIKI YA SUZUKI GS750, NA NAMNA NILIVYOPOKEWA KAUNTANI

Kakamega,
12 Mei 2025

Kwa Meneja wa Karakana ya Pikipiki,
Kisumu.

Bwana Meneja,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa heshima yenyewe sikuipata kwenu. Masharti ya waranti yenu unayajua kuliko mimi, na nambari ya kazi iko kwenye risiti niliyoambatisha, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Tarehe 28 Aprili nilifika kauntani kwenu na kalipa ya nyuma, kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski, nimeifunga kwa gazeti. Nilitaka fundi aliyeifanyia kazi aitazame mbele yangu. Karani wenu hakulifungua hata hilo gazeti. Alisema, "Mama, ambia mzee akuje mwenyewe. Hii maneno ya breki tutaongea na yeye." Nikamjibu kwamba mwenye pikipiki ni mimi. Akarudia, "Ambia mzee akuje." Mzee aliyeinunua pikipiki hiyo mwaka wa 1984 ni baba yangu, na tulimzika 2019.

Kazi niliyowaletea tarehe 3 Februari ilikuwa wazi. GS750 yangu ni ya 1978, ina diski nyuma, na paipu ya breki ilikuwa ile ile ya raba iliyotoka nayo kiwandani. Paipu ya raba ikizeeka hutanuka unapokanyaga, nguvu ya mguu ikaishia njiani kabla ya kufika kwenye pedi. Tulikubaliana mbadilishe paipu, muweke ya kufumwa kwa nyaya za stenlesi. Mbadilishe raba zote za kalipa na za masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki. Mtoe pistoni zilizoliwa na kutu muweke za stenlesi. Na pedi mpya. Jumla shilingi 38,500, nikalipa zote kwa M-Pesa kabla hamjagusa nati. Niliwaachia pia chupa mbili za mafuta ya breki ya DOT 4 nilizonunua mwenyewe, kwa sababu sikutaka mtu abahatishe.

Mlisema wiki mbili. Zikawa kumi na moja. Hilo nililinyamazia.

Tarehe 22 Aprili nilipokuja kuichukua, nilikanyaga breki pale uani nikaona kanyagio ni gumu, halina ule mchezo mdogo wa mwanzo. Nilimwuliza fundi. Akasema ni kwa sababu kila kitu ni kipya, itazoea. Nikaondoka kuelekea Kakamega. Kupita Mamboleo na kuanza kupanda, pikipiki ikawa nzito kama imebeba mtu wa pili. Kiboswa nikasikia harufu ya kuungua. Nilisimama, nikamwagia diski maji kidogo, yakachemka hapo hapo. Nilisubiri ipoe, gurudumu likalegea, nikadhani nitafika. Kabla ya Chavakali gurudumu la nyuma liliganda kabisa nikiwa mwendoni, matatu iko nyuma yangu. Niliburuzika hadi kwenye changarawe. Dereva wa hiyo matatu alikuwa na macho na breki nzuri, ndiyo maana naandika barua hii mwenyewe.

Nyumbani niliifungua. Baba alinifundisha kazi hii tangu nikiwa msichana wa kumshikia spana, kwa hivyo nisikilizwe. Ndani ya masta silinda nilikuta mafuta mekundu, yale ya gia za otomatiki. Raba za breki hutengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki. Zikiguswa na mafuta ya mashine za aina nyingine huvimba. Za kwangu zimevimba hadi pistoni hazirudi. Tena kile chuma kinachosukuma masta silinda kilikazwa bila nafasi, kwa hivyo kitundu cha kurudishia mafuta kilibaki kimezibwa. Pedi zikisugua diski, mafuta yanapata moto, yanatanuka, hayana pa kurudi, breki inajikaza yenyewe. Ndicho kilichotokea mlimani bila mimi kuweka mguu.

Na pistoni? Ni zile zile za zamani, na kutu yake, zimepigwa msasa. Washa (pete) za shaba kwenye maungio ya paipu hazikubadilishwa. Chupa zangu mbili za DOT 4 mlinirudishia ndani ya boksi la spea, na hazijafunguliwa. Picha zote nimeambatisha.

Sasa nirudi pale kauntani, maana yasipokuwa haya ningekuwa nimeandika barua fupi. Nilikuwa na logibuku mkononi, hati ya umiliki wa pikipiki, yenye jina langu. Niliiweka mbele ya karani. Aliisukuma kwa kidole kimoja bila kuifungua, akatazama wanaume waliokuwa kwenye benchi, nao wakacheka. Ndipo aliposema, "Ambia mzee akuje." Fundi aliyenifanyia kazi alikuwa amesimama mlangoni. Alinitambua. Aliinamisha kichwa, akarudi ndani. Nilimwambia karani kwamba mzee amekufa. Akasema, "Basi kuja na ndugu yako." Bwana Meneja, nilibeba kalipa yangu, nikatoka nje, na nilikaa kwenye ukingo wa barabara kwa muda mrefu kabla ya kuweza kupanda matatu.

Nilikusudia kudai 38,500 zangu tu. Lakini diski imegeuka rangi ya bluu kwa moto na imepinda, kwa hivyo nadai pia diski mpya, pamoja na shilingi 4,500 za pikapu iliyonibeba kutoka Chavakali. Nadai barua ya kuniomba radhi, iliyotiwa sahihi na wewe na yule karani, nayo ibandikwe hapo kauntani ambapo wale wa benchi wataisoma. Na msiniambie niilete pikipiki muirekebishe. Hamtaigusa tena.

Nilitaka kuwapa siku kumi na nne. Nikiandika naona saba zinatosha. Siku ya nane nitapeleka madai haya Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza kesi za hadi shilingi milioni moja na haihitaji niajiri wakili. Nitaenda na kalipa, raba zilizovimba, mafuta mekundu kwenye chupa, na kifungu cha 46 cha Katiba, kile cha haki za mteja. Diski mpya bado sijaiagiza, na kila wiki nitakayokaa bila pikipiki nitaiongeza kwenye hesabu.

Ukipiga simu, uliza mwenye pikipiki. Nitapokea mimi.

Wako,
Mwenye pikipiki
(nakala ya logibuku imeambatishwa)