Salamu za Rosh Hashana, Mwaka Mpya wa Kiyahudi, 5787

Shalom aleikhem, ndugu zangu na dada zangu, wazee wetu, akina mama ambao tayari wanahangaikia meza ya Ijumaa, na watoto wanaogombania nani atapewa kichwa cha samaki.

Ni kawaida yetu mwishoni mwa Elul, mwezi wa mwisho wa mwaka wetu, mmoja wetu aandike salamu kwa niaba ya wote, na mwaka huu wazee wamenituma mimi. Basi kwanza nifikishe nilichotumwa. Kwenu mlio Nairobi na ninyi wa milimani, kwa jamaa zetu Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, wa Nabugoye kule Mbale, ambao wazee wao waliipokea Torati pamoja na Semei Kakungulu mwaka 1919 na wakasali kwa siri enzi za Idi Amin, na kwa wote walio ughaibuni: muandikwe na mtiwe muhuri katika kitabu cha uzima kwa mwaka mwema. Mwenyezi Mungu awape afya, riziki ya halali, amani nyumbani na watoto wasikivu. Wagonjwa wapone, wasafiri wafike salama, wafiwa wafarijiwe pamoja na waombolezao Sayuni na Yerusalemu. Amina.

Mwaka 5786 unaondoka umetuchosha. Kuna nyumba zimebaki na kiti kitupu, kuna waliofika kazini asubuhi wakaambiwa warudi nyumbani, kuna karo iliyolipwa kwa kuuza mbuzi wa mwisho. Bei za vitu sitazitaja, kila anayeshika kikapu anazijua. Mama mmoja aliniambia baada ya sala kwamba kwake safari hii asali ya kuchovya tufaha kwa mwaka mtamu ni ya watoto tu, wakubwa watachovya tufaha kwenye sukari, na alisema hivyo akitazama chini. Nilimjibu, na narudia hapa kwa sauti ili wengine wasikie: chovya kwenye sukari, mama, na uinue kichwa. Wapo Wayahudi Wasefaradi ambao hawajawahi kuchovya kwenye kitu kingine, tangu babu na babu.

Na tena, someni vizuri maneno ya Abaye, mwalimu wa kale, katika Gemara ya Talmud, juu ya vyakula vya sikukuu hii. Mezani kwake hakuna tufaha hata moja. Kuna boga, kuna rubia, kuna liki, kuna majani ya silka, kuna tende. Boga lipo shambani. Rubia kwa jamaa nyingi ni kunde, na kunde ni chakula chetu cha kila wiki. Silka ni ndugu wa hii mboga tunayoiita spinachi na kuinunua kwa fungu. Tende zipo Mombasa, zipo Eastleigh, na ndizo zitangulie kubarikiwa maana ni za zile aina saba za mazao ambazo Torati inaisifia nchi ya Israeli. Kichwa cha ngege tumekula tangu utotoni bila kungoja Rosh Hashana. Komamanga likikushinda bei, usiku wa pili weka tunda lolote ambalo hujalionja msimu huu, useme Sheheheyanu, baraka ya jambo jipya, kwa moyo mweupe. Anayekopa ili meza yake ionekane amejitwika mzigo ambao hakuna rabi aliyemtwika.

Lakini sikutaka kuandika juu ya meza. Nataka tuzungumze juu ya kinachotangulia meza, yaani baraka zetu za kila siku. Elul nzima tumesikia shofari, baragumu ya pembe, asubuhi, tumesoma Zaburi ya 27, wengine wameamka usiku kwa Selihot, sala za kuomba msamaha, na bado nasikia watu wakisema, "Toba yangu sijui niishike wapi." Mimi nasema ishike mdomoni, kabla ya kikombe cha kwanza cha chai.

Mnaijua Gemara ya Berakhot, ukurasa wa 35. Anayefaidi kitu cha dunia hii bila baraka ni kama amekula mali ya Hekalu. Rabi Hanina bar Papa anaongeza ukali: amemwibia Mtakatifu, ahimidiwe, na amewaibia jumuiya ya Israeli. Na Rabi Levi analinganisha Zaburi mbili. Moja inasema dunia na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, nyingine inasema dunia amewapa wanadamu. Ya kwanza ni kabla ya baraka, ya pili ni baada yake. Nimelifikiria sana hili mwaka huu nikiwa sokoni. Umemlipa muuzaji, umelipa nauli, umetoa jasho, na bado ndizi iliyo mkononi mwako si yako mpaka ufungue kinywa. Sisi tuliozoea kulalamika bei, na tuna haki ya kulalamika, tukumbuke pia yuko mwenye mali ambaye hatujawahi kumlipa senti, na anachotudai ni maneno machache tu.

Tena ametaka tuyaseme kwa akili. Ndizi inamea juu kuliko paa la nyumba, lakini baraka yake ni ya mazao ya ardhi, kwa sababu mgomba huzaa mara moja ukaanguka na chipukizi likatoka chini. Hivyo ndivyo alivyoandika Rabi Yosef Karo kule Safed katika karne ya 16. Chapati ina Hamotzi, baraka ya mkate, na kunawa mikono. Mandazi yana Mezonot, baraka ya vyakula vya nafaka. Wali nao una Mezonot, ila ukimaliza unasema Borei Nefashot, baraka fupi ya baada ya kula. Ugali, na najua wapo wanaoumia nikilisema hili, si mkate, maana mahindi hayamo katika zile nafaka tano za mkate, ngano, shayiri na jamaa zao. Sema Shehakol, baraka ya vyakula vinginevyo, na ushibe. Watoto wetu wa darasa la Jumapili wanayajibu haya haraka kuliko wazee, na nafurahi. Maana ili ujue baraka ipi ni ya kitu gani, lazima usimame na ukitazame: kimetoka mtini au ardhini, kimesagwa au kimepikwa kizima, kimeokwa au kimekaangwa. Hapo ndipo ninapoona toba inaandaliwa. Mtu aliyejizoeza kusimama kidogo mbele ya ndizi ana tumaini la kusimama kidogo mbele ya neno kali linalotaka kumtoka.

Rabi Meir ametufundisha kusema baraka 100 kila siku, kutoka aya ya Kumbukumbu la Torati 10:12, na midrashi, masimulizi ya wahenga wetu, inasimulia kuwa Mfalme Daudi ndiye aliyeziweka wakati watu 100 walikuwa wakifa kila siku Yerusalemu. Siku ya kazi hesabu haisumbui. Amida, sala yetu ya kusimama, ina baraka 19, mara tatu ni 57. Ongeza za asubuhi, za Shema na za milo, umefika. Shabbat, ambapo Amida ni fupi, ndiyo huhitaji matunda na manukato. Na Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ambapo hakuna mlo, tuna mzee anayekuja na karafuu za Pemba zimefungwa kwenye leso, akampitishia kila aliye karibu naye anuse na kubariki. Baraka ya tano ya Amida ni ya Mungu anayependa toba, ya sita ni ya Mungu anayesamehe. Mwaka mzima tumeyatamka hayo asubuhi, mchana na jioni. Aliyeyatamka akiwa anahesabu dakika za kuwahi matatu amebakiwa na siku chache za kuyatamka polepole.

Niruhusuni hapa niseme langu moja, kisha nirudi kwenye salamu.

Baba yangu aliaga katika mwezi wa Tevet. Wengi wenu mlikuja, na Hashem, Mungu wetu, awalipe. Figo ndizo zilizomchukua. Miezi ya mwisho ilikuwa ya kwenda kusafishwa damu, kurudi, kulala, na kwenda tena. Baba alikuwa msomaji wa haraka maisha yake yote, na Asher Yatzar, baraka ya baada ya kwenda haja, aliisema kama sisi sote, akiwa ameshapiga hatua ya tatu kutoka mlango wa choo. Halafu ikaja wiki ambayo mkojo ulikatika kabisa. Siku ulipotoka, kidogo sana, aliniomba maji ya chupa, akanawa mikono pale kitandani, akaketi, akaisema baraka ile neno kwa neno. Alipofika pale pasemapo kwamba kimoja kikifunguka au kimoja kikizibika haiwezekani kusimama mbele zako hata saa moja, alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani amelala. Akamaliza. Mgonjwa wa kitanda cha pili, Mwislamu kutoka Lamu, akaitikia Amin. Baba akacheka kwa furaha, na tangu siku hiyo wakawa wanaitikiana.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kuita watu. Aliniagiza nimpigie simu huyu, nimtafute yule, na kila mmoja alimwambia kosa lenyewe kwa jina lake. Mmoja alikuwa amekufa, mwenzake wa biashara wa zamani. Mnajua sheria: aliyemkosea marehemu huleta watu kumi kaburini na kuungama mbele yao. Tulihangaika kuwapata hao kumi, wengine walisafiri usiku kutoka Nakuru. Baba alisimama akiwa ameshikwa mikono pande zote mbili, akasema, "Nimemkosea Hashem, Mungu wa Israeli, na huyu mtu," kisha akataja alichomfanyia. Sitakiandika. Alipofariki tulisema Dayan haEmet, baraka ya Hakimu wa Kweli, kama Mishna ya Berakhot inavyotuamuru kubariki kwa baya kama tunavyobariki kwa jema, na niliweza kuyasema maneno hayo kwa sababu nilikuwa nimemsikia yeye akibariki kwa mkojo kidogo. Bado nasema Kadishi, sala ya wafiwa, kwa ajili yake. Anayeamka mapema kuja kuikamilisha minyani, idadi ya watu kumi wa sala, ajue ananifanyia wema ambao sina cha kuulipa.

Kwa hiyo ndugu zangu, nawaomba, tena nawasihi. Acheni ule ujumbe wa kila mwaka unaotumwa kwa watu wote kwa pamoja: "Kama nimekukosea, naomba unisamehe." Umemkosea nani? Kwa jambo gani? Rambam, mwanasheria wetu mkuu wa karne ya 12, anadai mtu aache kosa, alitamke, ajute, na aazimie kutolirudia. Na anayeungama bila kuazimia kuacha, anasema, ni kama mtu anayezama mikveni, birika la kujitakasa, huku amemshika mjusi mkononi. Yom Kippur haifuti lililo kati ya mtu na mwenzake mpaka amridhishe. Nenda kwake. Akikataa, rudi na watu watatu, mara ya pili, na ya tatu. Na wewe unayeendewa usiwe na roho ngumu, maana huo ni ukatili na Rambam ameukataza waziwazi. Mtu akikuomba kwa moyo, samehe kwa moyo.

Na mwenye deni alipe. Mnaosali kwa machozi huku dada wa kazi hajapata mshahara wa mwezi uliopita, mlipeni kabla ya jua la Ijumaa kuzama, Torati imetaja siku na imetaja jua. Waliogombana juu ya bili za hospitali za wazazi, na mwaka huu familia nyingi zimegombana kwa hilo, waketi pamoja. Fedha ilikuwa kidogo, kila mtu alikuwa ameogopa, na maneno yalitoka. Ndugu yako ataandikwa katika kitabu kilekile unachoomba uandikwe wewe. Mwombee kwa jina lake na la mama yake, halafu umpigie simu.

Sasa mambo ya ratiba. Mwaka huu siku ya kwanza, 12 Septemba 2026, ni Shabbat, kwa hiyo shofari itanyamaza. Sababu ya Rabba, mwalimu wa Talmud, mnaijua, asije mtu akaibeba njiani. Najua itawauma wale wanaosafiri kutoka mbali kwa ajili ya kuisikia. Njooni hivyo hivyo, na mlale. Jumapili tutapiga sauti zote 100, na mzee wetu ameahidi kwamba pumzi anayo. Jumamosi usiku mishumaa iwashwe baada ya giza kuingia kabisa, kutoka moto uliokuwa ukiwaka, na Kidushi, baraka ya kuitakasa sikukuu, iungane na Havdala, ya kuagana na Shabbat, bila manukato. Jumatatu ni saumu ya Gedalia. Akina mama, msipike kwa ajili ya usiku wa pili kabla Shabbat haijatoka, na wanaume msikae mkiwatazama.

Tashlich, sala ya kutupa dhambi majini, ni Jumapili baada ya Minha, sala ya alasiri, mtoni palepale. Njia ina matope tangu mvua ya juzi, kwa hiyo vijana wawashike wazee mkono, na wenye nafasi za kulala wageni Ijumaa na Jumamosi wanijulishe mapema, kabla ya Alhamisi. Shana tova u-metuka, mwaka mwema na mtamu, kwenu nyote.