Seli zangu zilikufa, na hakuna aliyeniambia

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wiki iliyopita ulisema seli za saratani "hazifi", kwamba zikishatiwa kwenye chupa ya maabara zinagawanyika bila kikomo. Zangu zilikufa siku ya kumi na tisa. Nawaandikia kwa sababu hiyo, na kwa jinsi nilivyokuja kulijua jambo lenyewe.

Mimi ni mshona nguo, nimekaa kwenye cherehani miaka thelathini na moja. Jioni kabla ya kupasuliwa titi niliwekewa fomu ya ridhaa: kipande cha uvimbe kitakachobaki baada ya wapimaji kuchukua cha kwao, je, naruhusu kipelekwe maabara kikajaribiwe kuoteshwa? Nikasaini. Uvimbe wenyewe nilikuwa naukimbia, ningeung'ang'ania wa nini?

Kisha kimya. Dripu zikapita, nywele zikaondoka zikarudi, na hakuna aliyesema kile kipande kiliishia wapi. Kliniki wakanijibu kwamba hayo ni mambo ya utafiti. Nikapiga simu mara nne. Mara ya nne akapokea kijana wa maabara mwenyewe, akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, tangu nianze kazi hii hakuna mgonjwa aliyewahi kutuuliza. Njoo nikuonyeshe."

Nilikwenda. Alinionyesha kwa kipande cha mtu mwingine, kisicho na jina, namba tu. Anakikatakata kwa visu viwili vya upasuaji vinavyopishana, mpaka vipande viwe vya milimita moja hivi. Mkono wake ni mwepesi, ningemwajiri. Vipande vinalala usiku kucha kwenye kimeng'enya kiitwacho kolajenesi, ambacho kinayeyusha zile nyuzi zinazoshikilia nyama pamoja, halafu vinachujwa, vinazungushwa kwenye mashine ili seli zikae chini, kisha zinamwagiwa chakula chao na kuwekwa kwenye kabati lenye joto la nyuzi 37 na hewa iliyoongezwa kaboni dioksaidi. Chakula hicho ni chekundu. Kikigeuka njano, kimechacha na inabidi kibadilishwe. Kikiwa na ukungu, kijidudu kimeingia na kazi yote inamwagwa.

Nilidhani adui mkubwa ni vijidudu. Kumbe ni majirani. Uvimbe si saratani tupu. Ndani yake mna seli za kawaida, faibroblasti, zile zinazoziba kidonda kikipona. Hizo zikionja chakula kile zinakimbia mbio kuliko saratani yenyewe. Niliziona kwenye hadubini: ndefu, nyembamba, zimelala upande mmoja kama nyuzi za mtande. Katikati yao, vikundi vichache vya seli za mviringo zilizosongamana kama vifungo kwenye kopo. "Hivyo vifungo ndivyo tunavyovitaka," akasema. Baada ya wiki mbili, mara nyingi nyuzi zimejaa chupa nzima na vifungo havionekani.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Akafungua daftari, akanisomea: siku ya nne zimeshika, siku ya tisa faibroblasti nyingi, siku ya kumi na tisa "zimebanduka, zimekufa, zimetupwa". Akaniambia uvimbe wa aina yangu, unaotegemea homoni na unaokua polepole, ni mgumu kuotesha. Ule mkali ndio unaoshika kwa urahisi zaidi. Nikafurahi, nikaona basi wangu ulikuwa mpole. Akanikataza: kufa kwa seli kwenye plastiki hakusemi lolote kuhusu zilizobaki mwilini, kama zimebaki. Sawa. Nilifurahi kidogo hata hivyo.

Halafu akatoa chupa nyingine. Seli zimejaa, vifungo vitupu. Zinaitwa MCF-7. Zilitoka kwa mtawa mmoja wa Michigan, Marekani, mwenye umri wa miaka 69, kwenye maji yaliyojaa baina ya pafu na ukuta wa kifua baada ya saratani kusambaa. Herbert Soule na wenzake walizikuza Detroit, na ile saba ni kwa kuwa lilikuwa jaribio la saba. Mtawa alifariki 1970. Taarifa ya kisayansi ilitoka 1973. Seli hizo zina vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu zinazoidaka homoni hiyo ya kike, na kwazo watafiti walielewa vizuri zaidi jinsi tamoksifeni inavyoviziba. Tamoksifeni ndiyo kidonge ninachomeza kila usiku. Nilikaa kwenye kile kiti kirefu, jicho kwenye hadubini, nikashindwa kunyanyuka haraka.

Kwa hiyo makala yenu haikudanganya kabisa. Zipo zisizokufa. Ila mlizitaja hizo chache zilizonusurika mkaacha nyingi zinazomwagwa, na sisi wenye hizo zinazomwagwa ndio wengi.

Nilimuuliza kwa nini waandike kila kitu kwenye daftari hata kushindwa. Akasema ni ili seli zisije zikachanganywa na nyingine bila mtu kujua, akanitajia seli za MDA-MB-435, zilizotumika miaka mingi kama saratani ya titi mpaka vipimo vya vinasaba vikaonyesha zinalingana na melanoma, saratani ya ngozi. Mimi niliyewahi kushona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja nilimwelewa upesi.

Sasa ombi langu kwa wanaoandika fomu za ridhaa, kama wanasoma ukurasa huu. Ongezeni kisanduku kimoja: "Je, ungependa kujulishwa kilichotokea?" Asiyetaka asitie alama, wapo wanaotaka kusahau, na wana haki. Anayetaka atumiwe ujumbe mfupi. Na pale mnapoeleza utafiti, semeni wazi kwamba kipande kinaweza kisiote, na kwamba hata kikiota hakitabadilisha dawa atakazopewa mwenye nacho. Jirani yangu wa wodini alisaini akiamini wanamtengenezea dawa yake mwenyewe.

Sihitaji barua ndefu yenye nembo. Yule kijana aliandika maneno matatu kwenye daftari lake. Ningetumiwa hayo matatu.

Mshona nguo,
Jina limehifadhiwa