Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: mshahara utatoka lini?

Mheshimiwa Waziri,

Mjadala wa ajira ukifika ofisini kwako huishia kwenye kima cha chini cha mshahara. Ni jambo la maana, silipingi. Lakini sisi tulioajiriwa kwenye biashara za watu watano au kumi tuna swali jingine linalotukosesha usingizi: mshahara utatoka lini? Huja nusu leo, robo wiki ijayo, na salio "mteja akilipa".

Mshahara ukicheleweshwa, mfanyakazi anamkopesha mwajiri bila riba. Kodi ya nyumba haingoji, basi naye anakwenda kukopa, ila yeye kwa riba. Mwezi mpya unamkuta na deni, na hata akiongezwa mshahara, nyongeza inaishia kwa mkopeshaji. Mtu huyu asiambiwe kuwa hajui kupanga matumizi. Pesa isiyo na tarehe haipangiki. (Semina za kuweka akiba tumehudhuria za kutosha, ahsante.)

Wala hatuombi jambo geni. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mshahara ulipwe kwa vipindi maalumu na makato yawe na mipaka. Shirika hilohilo lilionyesha mwaka 2019 kwamba, katika nchi 99, asilimia 70 ya ajira ziko kwa waliojiajiri na kwenye biashara ndogo. Huko ndiko wakaguzi wako wasikofika.

Hata hivyo, wakija na faini peke yake watafunga milango na kutuacha bila kazi. Bosi wangu si mkatili. Mara nyingi naye anadai, na wadaiwa wake sugu ni kampuni kubwa na taasisi za umma. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2011 zinazitaka taasisi za umma kulipa ankara kwa kawaida ndani ya siku 30, na zikichelewa zilipe riba. Tunaomba sheria kama hiyo. Ikishapita, mwajiri aliyelipwa na bado akatuzungusha, au aliyekata michango ya hifadhi ya jamii asiiwasilishe, abanwe bila huruma.

Anza na wizara yako, Mheshimiwa. Tangaza ni ankara ngapi za wafanyabiashara wadogo zimepita siku 30 bila kulipwa, na zitalipwa tarehe ipi.

Wako,
Mwajiriwa wa biashara ndogo