Harambee ya Kulipima Kanisa Letu kwa Leza Kabla Jukwaa la Mafundi Halijasimamishwa

Ndugu waumini, majirani, na ninyi mliohamia mbali lakini bado mnalipenda kanisa hili,

Tunaomba mchango wa awamu ya kwanza ya ukarabati, na katika awamu hii hatutanunua hata mfuko mmoja wa chokaa. Fedha zote zitakwenda kwenye upimaji wa jengo zima, hasa kwa skana ya leza. Tunajua ni vigumu kuchangia kazi ambayo ikiisha, nyufa zitakuwa palepale. Ndiyo maana tunaeleza kwa kirefu.

Ukuta wa kusini umeinamia nje. Hilo kila mtu analiona. Kisichoonekana ni sababu, na tiba inategemea sababu. Kama ncha za boriti za kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zimeoza pale zinapoingia ukutani, kenchi hutanuka na kuzisukuma kuta zote mbili. Hapo ukuta huinama zaidi katikati na kidogo tu kwenye pembe, kwa kuwa pembeni unashikwa na kuta za mbele na nyuma. Lakini kama ni msingi uliotitia, kwa kawaida ukuta mmoja huzama, na mistari ya mawe pamoja na vizingiti vya madirisha hushuka nao. Shida ikiwa ni kenchi, tutatengeneza boriti na kufunga vyuma vya kuzishika kuta. Ikiwa ni msingi, itabidi kuchimba na kuuimarisha. Kuchimba chini ya ukuta unaosukumwa na paa ni kuuongezea hatari, na kosa hilo hufanyika pale kazi inapoanza kwa kukisia. Timazi na futi kamba hupima sehemu chache ambazo mkono wa fundi unafika. Skana itatupa mchoro wa mkato, yaani jengo likionekana kana kwamba limekatwa, kila baada ya mita 1, toka mlangoni hadi madhabahuni, na mhandisi ataona mwinamo wote ulivyo.

Skana husimama juu ya stendi ya miguu mitatu, huzungusha mwale wa leza pande zote na kupima mamia ya maelfu ya nukta kwa sekunde. Kwa kuwa mwale hauoni nyuma ya nguzo, mashine lazima ihamishwe mara nyingi. Tumepanga vituo 72: 20 nje, 18 ukumbini, 22 kwenye ngazi na vyumba vya mnara, na 12 juu ya dari. Kila kituo kitachukua kama dakika 8 pamoja na picha za rangi, hivyo tumetenga siku 3 kwa kuhesabu na muda wa kuhama. Vituo jirani lazima vione eneo moja kwa angalau theluthi, la sivyo havitaunganishwa sawasawa. Penye mlango, kituo huwekwa kizingitini, mlango ukiwa wazi.

Mnara ndio unaotutia wasiwasi. Katika ngazi ya mzunguko kila kituo huona kipande kidogo tu cha kilichotangulia, na kosa la milimita 2 hujumlika kadiri tunavyopanda. Kwa hiyo mpima ardhi ataweka kwanza nukta thabiti kuzunguka kanisa, kisha atapima shabaha, yaani alama maalumu, zilizobandikwa kwenye madirisha ya mnara kutoka nje. Shabaha hizo zitaurudisha mnyororo wote wa vituo mahali pake. Gharama yake ni siku nzima ya mtaalamu, na tunawasihi msiione kuwa ya kupunguzwa.

Juu ya dari, skana itakaa kwenye mbao zilizolazwa juu ya boriti. Mtu akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mbao zinanesa, na boriti moja inatokea mara mbili kwenye kompyuta. Vioo na shaba iliyosuguliwa hupotosha mwale, mawe yaliyolowa huurudisha hafifu, na kwenye kingo mwale hugawanyika na kuacha nukta zinazoelea hewani. Zisiposafishwa, mchoraji atachora kingo nene kuliko zilivyo. Hivyo tutapima majira ya ukavu, na malipo yanajumuisha usafishaji wa data, kazi inayochukua muda mrefu kuliko upimaji wenyewe.

Leza haioni ndani ya ukuta. Unyevu chini ya lipu ya saruji na uozo ndani ya boriti vitachunguzwa kwa vifaa vingine, navyo vimo kwenye bajeti.

Mwisho tutakabidhiwa ramani za sakafu, michoro ya kuta kwa kipimo cha 1:50, mikato, na wingu zima la nukta, yaani nukta zote zilizopimwa, katika faili za E57, ambazo programu nyingi zinazifungua. Nakala zitakuwa 3, moja ikihifadhiwa mbali na kanisa. Makaburi ya Kasubi ya wafalme wa Buganda, nchini Uganda, yalipimwa kwa leza mwaka 2009, yakaungua Machi 2010. Kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, vipimo vya leza vya mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon vilikuwa tayari vipo.

Haya yote lazima yatangulie jukwaa, maana likishasimama litaficha kuta.

Mchango upelekwe kwa mweka hazina, na kila mmoja apewe risiti. Anayependa kulipia kitu mahususi achague: siku moja ya skana, siku ya mpima ardhi, usafishaji wa data, au diski za kuhifadhia. Wasio na fedha tunawahitaji pia. Jioni ya kuamkia upimaji, mabenchi yote yatolewe nje, mapazia yashushwe na popo wa darini waachwe bila kubughudhiwa. Mwenye picha za zamani za paa au mnara atuletee tuzinakili. Kwa siku zote 3 ukumbi utafungwa, na ibada itafanyika uwanjani.