Kabla hujamlipa fundi wa madirisha

Mwanangu,

Salamu kutoka Tanga. Mama yako hajambo, ila goti bado linamsumbua. Picha za nyumba nimezipata, nimefurahi kuona umeshapiga bati. Umeniuliza madirisha yawe ya chuma, mbao au alumini. Hapo Kigamboni upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani, basi nakujibu kama mtu aliyezeeka na chumvi.

Chuma achana nacho. Unalikumbuka dirisha la chumba chenu, lile la upande wa baharini? Kila mwaka nililipaka rangi kabla ya masika. Kutu ikawa inatembea chini ya rangi, rangi inainuka kama ngozi iliyoungua, hadi asubuhi moja tukakuta kioo kimepasuka kona kwa kona. Hakuna aliyerusha jiwe. Kutu huvimba, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, na ikikosa pa kwenda inasukuma kioo.

Mbao naipenda. Mninga haupindi ovyo, na mvule mchwa hawauwezi kirahisi. Lakini ukiuziwa mbao mbichi utajuta: itasinyaa na kupinda ikikauka, kisha masika ikinywa unyevu shata halifungiki. Ukitaka mlango wa mbele wa mbao, niambie mapema nikutafutie mitiki mikavu huku Muheza.

Kwa madirisha, chukua alumini. Haishiki kutu kama chuma, ila isikudanganye. Jirani yetu alifunga ya bei nzuri tu, fundi akatumia skrubu za kawaida za chuma. Nenda leo uguse: kila penye skrubu alumini imegeuka unga mweupe, na fremu inacheza. Madini mawili tofauti yakikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya fremu, uliza skrubu na bawaba ni za nini. Ziwe za stenlesi, na chini ya kila skrubu iwekwe washa ya plastiki. Beba sumaku, zikiing'ang'ania, zirudishe dukani.

Halafu, mama, usiweke yote ya kuteleza. Dirisha la kuteleza linafunguka nusu tu, na nyumba ya pwani isiyopitisha upepo nguo zinaota ukungu kabatini. Vyumba vya kulala viwe na ya bawaba, yafunguke yote. Hakikisha fremu ina vitundu chini vya kutolea maji ya mvua, na fundi asivizibe na silikoni. Plasta imalizike kwanza ndipo fremu zifungwe, maana saruji mbichi inaibabua alumini na doa lake halitoki.

Nitapanda basi Ijumaa. Mpe fundi malipo ya kwanza tu, na asitoboe ukuta mpaka nizione hizo skrubu.

Baba yako