Risala ya Idara ya Taaluma kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi: Kazi za Nyumbani Katika Jedwali Moja

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi,

Karibu sana shuleni kwetu. Ukishapita maabara na madarasa, tunakuomba utazame pia jedwali lililomo kwenye kishikwambi cha mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia taaluma, maana ndilo linaloendesha kazi za nyumbani za shule nzima.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni, na wazazi wengi wanatumia kitochi. Kwa hiyo kazi inabaki ubaoni na kwenye daftari. Kilichohamia mtandaoni ni kumbukumbu tu: nani kapewa nini, kakusanya lini, imesahihishwa lini. Walimu wanatumia vishikwambi vilivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022, pamoja na Majedwali ya Google yasiyolipiwa.

Laha ya kwanza, yaani ukurasa wa kwanza wa jedwali hilo, ni kalenda. Kabla ya kutoa kazi, mwalimu anajaza mkondo, somo, tarehe ya kukusanya na dakika anazokadiria. Fomula ya SUMIFS inajumlisha dakika za mkondo huo kwa tarehe hiyo. Zikipita 90 seli inakuwa nyekundu, naye anaisogeza kazi yake mbele. Laha hii haina mbwembwe, lakini kwa maoni yetu ina faida kuliko zote. Masomo 9 yakitoa nusu saa kila moja kwa usiku mmoja ni saa nne na nusu, na mtoto anayenakili daftari la mwenzake asubuhi kabla ya mstarini mara nyingi ametoka kwenye usiku wa namna hiyo.

Laha za mikondo zina safu mlalo moja kwa kila mwanafunzi na safu wima moja kwa kila kazi. Alama ni nne: K imekusanywa, C imechelewa, R ana ruhusa, H haijakusanywa. Mwalimu anazichagua kwenye orodha, haziandiki, kwa sababu H yenye nafasi nyuma yake haihesabiwi na =COUNTIF(D2:AA2,"H"), na mdaiwa anaonekana hana deni. Seli tupu nayo si H. Maana yake mwalimu hajakagua. Ndiyo sababu chini ya kila safu wima kuna COUNTBLANK inayohesabu seli tupu, na chini yake tarehe ya kusahihisha. Kazi ikimaliza siku 7 bila tarehe hiyo, mtaaluma anamfuata mwalimu, si mwanafunzi. Wapo wasioupenda mstari huo, lakini haufutwi.

K haithibitishi kwamba mtoto kafanya mwenyewe. Mwalimu anachomoa madaftari 5 katika kila kazi na kumwuliza mwenye daftari swali moja la mdomo. Hapo kompyuta haina msaada.

Ndugu Mgeni Rasmi, matatizo mengi ni madogo, ila yanakwamisha. Namba ya udahili 0147 ikiingizwa kama tarakimu hugeuka 147, na laha mbili zinashindwa kutambuana. Safu hiyo lazima iwekwe kuwa maandishi kabla ya kujazwa. Simu ya mzazi nayo hupoteza sifuri ya mwanzo, hivyo tunaandika kuanzia 255. Faili lisipowekwa lipatikane nje ya mtandao wakati bado kuna bando, darasani halifunguki. Kupiga picha madaftari hatushauri: picha ya MB 3 kwa wanafunzi 50 ni MB 150 kwa kazi moja tu, wakati alama zao zote ni maandishi machache.

Kila Ijumaa mzazi wa mwenye H mbili au zaidi anapata ujumbe: "Mzazi wa 0147: kazi 3 hazijakusanywa wiki hii. Hisabati 2, Kiswahili 1. Tafadhali kagua daftari." Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba herufi 160. Ukitiwa kikatuni (emoji) kimoja, au alama ya ng' ikiwa ile iliyopinda inayowekwa na kompyuta, kikomo kinashuka hadi 70, na ujumbe huohuo unalipiwa kama miwili. Kwa hiyo tunaandika alama iliyonyooka, na jina la mtoto halimo: simu ya nyumbani hushikwa na wengi. Orodha ya wadaiwa haibandikwi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Hizo ni taarifa za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu.

Maombi yetu ni matatu. Kwanza, ruta moja na bando la mwezi kwa ofisi ya taaluma, ili walimu wasitumie bando la mfukoni. Pili, betri na paneli ya sola ya kuchajia vishikwambi, kwani umeme ukikatika Alhamisi, ujumbe wa Ijumaa unatoka na seli tupu nyingi. Tatu, wazazi mliobadilisha namba za simu mzipeleke leo kwa mwalimu wa darasa, kabla hamjaondoka; meza yake iko karibu na mlango wa ofisi.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Idara ya Taaluma